Tano ya Binti wa Kikundi cha 4

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Siku ya Karume. Watoto wamekwenda Kigamboni kwa shangazi yao, mvua inanyesha tangu alfajiri, nyumba kimya. Nimekaa mezani na fomu 9 za Kikundi cha 4, mwaka wa pili wa udaktari, moduli ya mfumo wa hewa. Zilitakiwa Ijumaa. Kila fomu ina vipengele vitano: maandalizi, mchango, fikra za kitabibu, ushirikiano, nidhamu. Kila kipengele kina alama 2, jumla 10. Maharage yapo jikoni. Nimezimaliza fomu zote tisa kabla hayajaanza kuchemka.

Nizipitie hapa kwa haraka. Saba, nane, nane, saba, nane, saba, nane. Tisa kwa kijana ninayemwita Nondo, maana anazishusha nondo kikao kizima hadi wenzake wanabaki kuandika tu. Tano kwa binti wa daftari jekundu, ambaye sijui kama nimeshawahi kuisikia sauti yake.

Na jingine, hili liishie humu humu: watatu kati ya tisa sikuwa na hakika na sura zao. Ilibidi nifungue picha ya kikundi kwenye WhatsApp nioanishe majina. Mmoja kasimama nyuma kabisa, shati la kijani, nusu ya uso imezibwa na bega la mwenzake. Nikampa 7.

Kwetu alama za maendeleo ni 40, mtihani wa mwisho 60, kufaulu ni 50. Katika zile 40, kumi zinatoka kwa mkufunzi wa kikundi. Yaani zinatoka hapa mezani.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekuja. Alisimama mlangoni kalibana daftari kifuani.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba mwanangu. Pita, kaa."

Hakukaa. "Samahani Dokta, sijaja kudai alama. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi, ili moduli hii nisirudie."

Wanafunzi wanaodai alama nimewazoea, nina majibu yao tayari. Huyu kanikuta mikono mitupu. Nikalitoa jalada nikalifungua kama ningekuta kitu. Kulikuwa na namba. Moja, moja, moja, moja, moja. Pembeni pameandikwa "Maoni ya mkufunzi", na mkufunzi hakuwa na maoni. Nidhamu nimempa 1, na binti huyu hajachelewa hata siku moja. Kila nikifika namkuta.

"Unatakiwa uchangie zaidi," nikamwambia.

"Sawa Dokta." Akageuka, halafu akasimama. "Kikundi cha 6 wote wamepata 9."

"Kila mkufunzi ana utaratibu wake."

Akashukuru, akaondoka. Sentensi yangu ile imenikaa kooni hadi sasa, saa nne usiku. Nesi akiniambia wodini kwamba kila mmoja wao ana kipimajoto chake chenye digrii zake, nitamwambia akae nje kwanza anywe maji.

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao cha saa nane mchana. Kisa kipya: mtoto wa miezi 14, anaharisha siku ya tatu, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, akipewa maji anayagombania. Wanapaswa kukipitia kwa zile hatua saba zilizoanzia Maastricht, Uholanzi: kuelewana kwanza juu ya maneno, kulitaja tatizo, kumwaga mawazo, kuyapanga, kuandika malengo ya kujisomea, kwenda kusoma, kurudi kuelezana. Yote kwa Kiingereza. Ndiyo kanuni, imebandikwa ukutani.

Nondo alikuwa mwenyekiti. Wakafika kwenye maji ya chumvichumvi, mmoja akauliza kwa nini kwenye pakiti kuna sukari. Nondo akajibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka: ya kumpa mtoto nguvu. Wakaitikia kwa vichwa, kalamu zikatembea. Nikataka kuingilia, nikajizuia. Mkufunzi hatakiwi kumwaga jibu.

Umeme ukakatika. Feni ikasimama, projekta ikazima, mvua kwenye bati ikawa kama tuko ndani ya ngoma. Na Kiingereza nacho kikakatika. Sijui nani alianza, nilisikia tu kutoka gizani: "Jamani, lakini nguvu gani? Sukari yenyewe kidogo tu."

Halafu sauti nisiyoijua:

"Siyo ya nguvu. Chumvi haiingii peke yake. Pale kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango, na mlinzi wake hafungulii mtu mmoja. Mpaka waje wawili, sukari na chumvi, wameshikana mikono. Wakipita, maji yanafuata nyuma. Angalieni pakiti, vipimo vimelingana, 75 kwa 75."

Akawasha tochi ya simu akaliweka daftari jekundu katikati ya meza. Alikuwa amechora utumbo mzima, mishale imepakwa rangi. Wakainama wote.

"Kwa hiyo nikiongeza sukari si ndiyo vizuri?" akauliza mmoja.

"Unamuua. Sukari ikizidi inavuta maji kurudi tumboni, anaharisha zaidi. Bibi yangu alikuwa anaongeza vijiko vinne juu ya ile ya pakiti, anasema kidogo hakina maana."

Wakacheka. Wakamuuliza maswali robo saa nzima, akayajibu. Mahali asipojua alisema "hapo sijafika", akaandika pembeni. Nondo, haki yake nimpe, alikata mstari juu ya jibu lake mwenyewe akasema, "Mimi nimewapotosha."

Umeme ukarudi. Feni ikazunguka, Kiingereza kikarudi, binti akalifunga daftari. Hakusema neno tena hadi saa kumi.

Nimebaki na fomu, natafuta pa kuandika robo saa ile. Hapapo. Na kwa kanuni ya ukutani nilitakiwa niwakatishe.

Sihitaji kumuuliza alikosoma. Miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaambiwa kila kitu sasa ni Kiingereza, na mwalimu mwenyewe wa shule ya kata anakifundisha kwa kukichanganya, maana naye alipita humo humo. Nondo alianza kuhesabu kwa Kiingereza akiwa chekechea. Kile kipengele ninachokiita "mchango" nimekuwa nikikipimia ulimi. Wakifika wodini kwangu, mama wa mtoto anayeharisha ataelezewa kwa lugha gani?

Jumatano, 16 Aprili

Nimepata chakula na mwenzangu wa magonjwa ya ndani, Mkenya, aliyesoma Eldoret miaka ya 1990, pale Chuo Kikuu cha Moi walipoamua tangu mwanzo kufundisha udaktari kwa vikundi na kwa kuwapeleka wanafunzi vijijini. Nikamsimulia ya juzi. Akacheka cheko la mtu aliyeyaona.

"Sisi tuliwapa wakufunzi majina," akasema. "Kuna Mama Huruma na kuna Magereza. Ukipangiwa Magereza unaenda kuomba uhamisho kabla hujafungua kitabu."

Tukarudi nyuma hadi McMaster, Hamilton, Kanada, walikoanzisha mtindo huu 1969 na darasa la kwanza la wanafunzi 20. Ishirini! Mkufunzi angeweza kuwatambua kwa kikohozi. Sisi darasa ni 180, vikundi 20, wakufunzi 20, na wengine tumewatoa wodini kwa kuwavuta mkono. Kuna mwenzetu mmoja alianza wiki ile ile aliyoambiwa.

Alichonikumbusha mwenzangu ni kwamba McMaster wenyewe walishatilia shaka tathmini za mkufunzi zamani. Mwanafunzi alionekana mzuri kikundini mwaka baada ya mwaka, halafu akaanguka mtihani wa leseni, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yuko nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 McMaster wakaongeza mtihani wa maendeleo, wa kumwonyesha mwanafunzi mahali alipo. Maastricht walikuwa nao tangu 1977: mtihani mmoja kwa miaka yote ya masomo, mara nne kwa mwaka, mpana kiasi kwamba kukesha na madesa hakusaidii. Mkufunzi akabaki mkufunzi.

Kwa hiyo sisi gari tumeliagiza, breki tumeziacha bandarini.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Leo nimefanya jambo nililolifikiria tangu juma lile. Nimemwomba jirani yangu wa upasuaji, mkufunzi wa Kikundi cha 6, yule wa tisa kwa wote, aje akae kwenye kikao changu. Kila mtu na fomu zake, hakuna kuchunguliana, tunazijaza hapo hapo kabla ya kuinuka. Alikubali kwa sharti la kununuliwa mihogo.

Tukalinganisha uani, mihogo ikiwa moto.

Tisa, na tumelingana kwa wawili tu. Nondo: mimi 8, yeye 10. Wa shati la kijani: mimi 7, yeye 8, hatukubishana, tukapita. Tulipofika kwa binti nilikuwa nimejiandaa kumtetea dhidi ya mwewe, yaani mkufunzi mbana alama, nikasahau kwamba mwewe ni mimi. Mimi nimempa 7. Yeye, njiwa wa tisa kwa wote, amempa 4.

"Huyu binti anasoma kweli?" akaniuliza. "Saa mbili nzima hajafungua mdomo."

Nikamweleza habari ya umeme na daftari jekundu. Akanisikiliza, akatafuna, akafuta mikono.

"Dada, hayo ya Jumatatu iliyopita. Leo umeona nini?"

Leo sikuona kitu. Saba yangu ya leo niliileta kutoka nyumbani. Tarehe 7 nilimpunja kwa sababu simjui, leo nimemwongeza kwa sababu namjua, na mara zote mbili nimeandika namba kwa mwandiko ule ule wa mtu mwenye uhakika.

Halafu tukazitazama fomu zenyewe, siyo jumla. Za kwangu: ukimpata mwanafunzi mwenye 2 kwenye mchango, ana 2 kwenye nidhamu, 2 kwenye maandalizi. Za kwake vilevile. Mwanasaikolojia Thorndike aliliona hili mwaka 1920 kwa maofisa wa jeshi waliokuwa wakiwapima walio chini yao: waliyemwona ana umbo zuri wakamwona pia ana akili na ana uongozi. Vipengele vitano, kumbe kipimo ni kimoja, nacho ni "nampenda kiasi gani".

Usiku, siku hiyo hiyo

Nimeshtuka nikiwa napiga mswaki. Vipengele vitano, kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10. Hiyo ni Apgar, alama za mtoto anapozaliwa! Aliyeitengeneza fomu yetu, awe nani, alikuwa na wodi ya wazazi kichwani.

Basi tuilinganishe na ya Virginia Apgar mwenyewe, daktari wa usingizi wa New York, aliyeileta hadharani mwaka 1952. Mapigo ya moyo, pumzi, misuli, mwitikio, rangi. Nimeitumia maelfu ya mara. Kwa nini ile naiamini na hii ya kwetu naijaza kwa kusubiria maharage?

Kwanza, kila namba ina maelezo yake. Mapigo ya moyo hayapo, 0. Yapo lakini chini ya 100, 1. Kuanzia 100, 2. Hakuna nesi anayeandika kwamba moyo "unajitahidi". Kinachotugombanisha huwa rangi, na ni kwa sababu ile ile, kila mtu na jicho lake. Fomu ya Kikundi cha 4 ni rangi tano.

Pili, saa. Dakika ya kwanza, dakika ya tano. Hakuna anayempa mtoto Apgar wiki tatu baadaye, siku ya Karume, kwa kuangalia picha.

La tatu ndilo lililonitoa usingizi. Apgar alishauri aliyemzalisha mtoto asiwe ndiye anayempa alama. Kazi ile ni ya jasho lake, atataka mtoto awe mzima, atamwona wa waridi hata akiwa wa bluu. Mtu mwingine ashike saa. Na mimi ndiye ninayekizalisha kikundi hiki. Nawasukuma, nawatia moyo, nataka wafunguke mbele yangu na waseme wasichokijua, halafu jioni nageuka hakimu wao. Mwanafunzi mwenye akili timamu atasema "hapo sijafika" mbele ya hakimu? Alisema gizani.

Lakini njiwa naye alikuwa mtu mwingine, na saa kaishika vizuri, na binti kapata 4.

Ijumaa, 2 Mei

Nimejaribu kuwapa wenyewe. Fomu kwa kila mmoja, wapime wenzao wanane. Zimerudi leo: 10, 10, 10, hadi mwisho. Nikawafuata kwenye vimbweta nikawakuta wanakula machungwa.

"Mmekaa kikao?" nikawauliza.

Wakatazamana. Nondo ndiye akajibu. "Dokta, hatuwezi kuchomana. Mtu akisapu, akarudia mtihani kwa sababu yangu, nitamwangaliaje?"

Nikaacha. Hilo la kutochomana nalielewa, nami nimepita humo. Lakini nikawauliza tena, bila fomu: kuna anayetegea? Kicheko kikapita, macho yakaenda kwa kijana mmoja mwenye vipokea sauti shingoni, naye akacheka kuliko wote. Kiswahili kina neno hili zamani sana, kila aliyewahi kwenda msaragambo anamjua yule aliyeegemea mpini wa jembe. Mhandisi Mfaransa Ringelmann alilifanyia vipimo kwa kamba, akayachapisha 1913: wakivuta wanane kwa pamoja, kila mmoja anatoa kama nusu tu ya nguvu anayoitoa akivuta peke yake. Kikundi changu ni tisa.

Nikawapa karatasi tupu na swali moja. Juma hili nani amekufundisha kitu, na kitu gani? Namba hazitakiwi. Hapo kalamu zikatembea, hakuna aliyeona anamchoma mtu.

Watano wamemtaja binti, na kila mmoja kataja jambo tofauti. Watatu wamemtaja Nondo. Wa vipokea sauti hakutajwa na yeyote, ila yeye mwenyewe kaandika nusu ukurasa mzuri kuhusu wenzake wawili, kwa hiyo alikuwa anasikiliza. Mmoja kamtaja mwenzake kwa sababu "ananiazima chaja". Nayo imehesabika, sikumwekea mpaka.

Siwezi kuigeuza hii kuwa alama. Nikiigeuza tu, wiki ijayo watakaa kikao cha machungwa na kugawana majina. Lakini nimejua mengi kwa karatasi hizi tisa kuliko kwa fomu za muhula mzima.

Wa shati la kijani? Nimetafuta sasa hivi. Hakutajwa. Kaandika mstari mmoja, kwa penseli.

Jumatano, 14 Mei

Mkutano wa idara. Sambusa zilikuwa baridi, ajenda yangu ilikuwa ya saba.

Nikaomba manne. Kila namba kwenye fomu iandikiwe maelezo: 0 ni nini, 1 ni nini, 2 ni nini, kwa kitu kinachoonekana. Alama itolewe siku ya kikao. Mkufunzi wa kikundi asiwe peke yake katika kutoa alama. Awepo wa pili, hata kwa vikao viwili katika sita. Na kikao cha hatua tatu za mwanzo, pale wanapomwaga mawazo, kiruhusiwe Kiswahili.

Mzee wetu mmoja, aliyetufundisha karibu wote tuliokuwa mezani, akaomba nafasi. Namheshimu na simwandiki hapa kwa kumbeza. Akasema: "Binti yangu, mwalimu ukimnyang'anya alama, nani atakuja darasani? Mimi naujua mwezi ambao mahudhurio si lazima. Nakaa na viti." Watu wakacheka, na ni kweli tupu. Zile alama 10 ndizo kamba inayowafunga kwenye kiti saa nane mchana, jua kali, tumbo limejaa wali. Nikamjibu kwamba mahudhurio tuyape alama yake, tuyaite mahudhurio, tusiyaite fikra za kitabibu. Akatikisa kichwa, sikujua kwa kukubali au kwa kuchoka.

Njiwa alinisaidia. Akatoa karatasi zetu za Aprili, bila majina, akawaonyesha kwamba tumelingana kwa wawili tu. Akasema, "Mimi ninawapa wote tisa kwa sababu sijui wa kumnyima." Mtu mzima kulisema hilo mbele ya mkuu wa idara, ni ujasiri.

Maamuzi: maelezo ya namba, imekubalika, iundwe kamati ndogo, mimi katibu. Alama siku hiyo hiyo, imekubalika. Mkufunzi wa pili, hapana, watu hawatoshi. Kiswahili, haikujadiliwa, muda umekwisha. Mjumbe mmoja alikuwa ameshaanza kusema kwamba wageni wa ithibati wakija wakakuta Kiswahili watatuelewaje.

Jumatano, 11 Juni

Juma la baada ya Idd. Nimeandika barua kwa kamati ya mitihani. Nimeeleza kwamba alama za kikundi nilizozitoa tarehe 7 Aprili hazikuwa na kumbukumbu yoyote nyuma yake, na kwamba naomba zifutwe kwa wanafunzi wote tisa, zile 10 zigawanywe kwenye majaribio yao mengine.

Niliandika kwanza barua ya kumrekebishia binti peke yake. Nikaichana. Aliyekuja mlangoni arekebishiwe, na waliobaki? Ningekuwa nimeongeza kipengele cha sita kwenye fomu: kujua kubisha hodi.

Barua imepokelewa saa tano asubuhi, imegongwa muhuri. Karani akaniuliza, "Dokta, unajishtaki mwenyewe?" Nikamwambia agonge tu.

Alhamisi, 31 Julai

Jibu la kamati lilikuja wiki iliyopita, ukurasa mmoja. Alama iliyokwisha kuingizwa hubadilishwa pale tu panapothibitika kosa la kuhesabu. Nimeisoma mara tatu. Kosa la kuhesabu ni 2 na 2 kuandikwa 5. Kumpima mtu usiyemjua sura siyo kosa la kuhesabu, hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa.

Leo matokeo yamebandikwa. Nimeshuka kuyaangalia kabla wanafunzi hawajajaa. Moduli ya mfumo wa hewa. Nikaenda moja kwa moja kwenye namba ya binti: 64. Na ile tano yake imo humo ndani, haikumzuia kitu. Nikapumua. Nondo 71. Wa vipokea sauti 55.

Nikawa nageuka, jicho likashika 49. Nikaipeleka namba kwenye orodha yangu, halafu kwenye simu, kwenye ile picha. Ni wa shati la kijani. Maendeleo 23, mtihani 26. Katika hizo 23 kuna 7 yangu. Angekuwa Kikundi cha 6 angekuwa na 9, jumla 51, na leo angekuwa anafunga begi kwenda kwao. Simtetei kwa umaskini wa mtihani wake, 26 kwa 60 ni mbovu, na pengine sapu itamfaa. Lakini kwamba kaanguka yeye na siyo wa mezani pa jirani yangu, hiyo siyo kazi ya mtihani.

Miezi minne nimemwandika binti humu ndani, kurasa na kurasa. Huyu hakuja mlangoni, hakulalamika, hakutajwa kwenye karatasi za machungwa, na mimi na njiwa tulipofika kwenye jina lake tulipita kwa kuwa tumekaribiana. Sijui sauti yake. Sijui kama ni Kiingereza, ni njaa, au ni uvivu.

Sapu ni Septemba. Nimemtumia ujumbe aje Jumatatu saa tatu. Ameusoma, hajajibu.